Kiatu cha Kushoto

REHEMA: Karibuni tena jamani, mnatujua, mi Rehema na huyu ni Kassimu, na leo Kassimu kaja na helmeti ya mtu, kaiweka mezani mbele ya maiki na hataki niisogeze.

KASSIMU: Usiisogeze, nataka uiangalie kwanza. Hiyo ni ya dogo, mtoto wa dada yangu, yule wa gokati, vile vigari vidogo vya mbio, wasikilizaji wa siku nyingi wanamjua maana akishinda tu lazima niwasumbue humu. Jumamosi nilikuwa naye. Mzunguko wa kwanza, kona ya pili, wamebanana kama kawaida, tairi ya mbele ya mwenzake wa nyuma ikagusa tairi ya nyuma ya dogo, gokati ikapanda. Ilimpanda mgongoni, Rehema. Pitisha kidole hapo kwenye mstari mweusi.

REHEMA: Raba hii.

KASSIMU: Raba ya tairi, imeanzia juu ya vaiza, kile kioo cha mbele, mpaka karibu na kisogo. Dogo mzima, daktari kamwangalia kasema hana tatizo, shingo tu ndo ilikuwa inamuuma. Yeye keshauliza mbio zijazo lini. Mimi ndo sijatulia mpaka leo.

REHEMA: Pole sana mjomba. Na mama yake je?

KASSIMU: Dada hajasema kitu, na ukimya wa dada we unaujua. Kwa hiyo mi nimekaa nimeandika mambo manne hapa, kwa mzazi au mlezi yeyote mwenye mtoto anayeanza haya magari ya tairi wazi, yaani tairi hazijafunikwa, na leo nayapitia yote manne bila kukatishwa. La kwanza...

REHEMA: Kabla ya la kwanza, alitokaje pale chini?

KASSIMU: Gokati haina mikanda bana, unarushwa tu nje ndo salama yako, maana hakuna kitu cha kukinga kichwa juu. Alijiviringisha, akasimama, akatembea.

REHEMA: Na viatu vyote viwili?

KASSIMU: Rehema.

REHEMA: Nauliza tu!

KASSIMU: Wasikilizaji, ameshafika kwa Grosjean, yule dereva wa Fomula 1. Hatujamaliza hata dakika tano.

REHEMA: Nifanyeje sasa, kila nikisikia mtu katoka kwenye gari nakumbuka kile kiatu. Kwa ambao hawajui, na sidhani kama mpo, 29 Novemba 2020, Bahrain, mzunguko wa kwanza tu. Gari la Grosjean linaingia kwenye kingo za chuma kwa kasi ya kilomita 192 kwa saa, kipimo kikasoma G 67, yaani nguvu mara 67 ya uzito wa mwili, gari likakatika vipande viwili, nusu ya nyuma ikabaki huku, na nusu ya mbele yenye mtu ndani ikatoboa kingo ikanasa, alafu moto. Moto wa mafuta, na ndo kwanza wameanza, tangi limejaa. Alikaa mle sekunde kama 28. Anasimulia mwenyewe kwamba alijaribu kuinuka, kichwa kikagonga kitu, akakaa tena. Akajaribu kulia, akajaribu kushoto. Akamkumbuka Niki Lauda, dereva aliyeungua Nürburgring 1976. Akawakumbuka wanawe. Akapinda kichwa akapata pa kupitia, anavuta mwili, mguu wa kushoto hauji.

KASSIMU: Umenasa kwenye pedeli.

REHEMA: Umenasa! Sasa we fikiria wanavyokaa mle, mtu kalala kabisa kama yuko kwenye beseni la kuogea, miguu imenyooka mbele iko juu kuliko nyonga, mguu wa kulia mafuta, wa kushoto breki, huwezi kuinama kuushika kwa mkono wala kuuona. Basi akauvuta kwa nguvu zake zote, mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Akatoka motoni na kiatu kimoja, daktari Ian Roberts anamvuta juu ya kingo. Mi nakiwaza kile kiatu kuliko vyote.

KASSIMU: Watu wote duniani wanaizungumzia halo, ile pete ya chuma ya kukinga kichwa cha dereva, we unazungumzia kiatu.

REHEMA: Halo naiheshimu, usinitafsiri vibaya. Ile bila halo kichwa chake ndo kingekutana na chuma kwanza. Titaniamu ya kilo kama 7 tu inayobeba tani 12 na haivunjiki, na Grosjean mwenyewe alikuwa haitaki ilipoletwa 2018, akaja kusema hadharani kitandani hospitali kwamba alikosea. Lakini angalia, halo ilimaliza kazi yake kwenye ile nukta ya kugonga. Mikanda ikamaliza kazi, kile kishikio cha shingo cha HANS kikamaliza, ovaroli inaendelea kupambana na moto. Zile sekunde 28 zilizobaki ni za mtu mwenyewe na mguu wake. Kiatu kingekataa kuchomoka je?

KASSIMU: Sawa, hapo nimekuelewa.

REHEMA: Ndo maana nasema mwambie dogo asikaze kamba za viatu kupita kiasi.

KASSIMU: Aisee hapana! Kiatu kilegee mtu akose breki? Soli ya kile kiatu ni nyembamba makusudi, dereva aisikie pedeli kwa unyayo, sasa mguu ukitembea ndani ya kiatu atasikia nini?

REHEMA: Sijasema kilegee, nimesema asikaze kupita kiasi.

KASSIMU: Kupita kiasi kiasi gani?

REHEMA: Kiasi cha Grosjean. [kicheko] Alafu angalia na mikono. Aliungua mikono, hasa mgongo wa mkono, kwa sababu hiyohiyo, glavu nazo ni nyembamba dereva asikie usukani. Kila mahali dereva anapohitaji kusikia gari ndo hapohapo kinga inapungua. Viganjani na nyayoni. Mi naona hiyo ndo siri ya huu mchezo wote.

KASSIMU: Nzuri hiyo, na ingekuwa jambo la tano kwenye orodha yangu kama ningeruhusiwa kusoma la kwanza. Lakini unaruka sehemu, Rehema. Unaanzia kwenye kingo. Kilichompeleka kwenye kingo ni nini?

REHEMA: Alikata kwenda kulia.

KASSIMU: Akagusana na Kvyat, dereva mwenzake. Tairi yake ya nyuma ya kulia na tairi ya mbele ya kushoto ya Kvyat. Tairi kwa tairi! Kama huyu dogo hapa. Kama dereva Webber pale Valencia 2010 alipomkuta Kovalainen mbele anafunga breki, gari likapaa likapinduka hewani. Na hii siyo bahati mbaya, ni jinsi tairi inavyozunguka. Tairi inayokwenda mbele, uso wake wa nyuma unapanda juu na uso wake wa mbele unashuka chini. Sasa ya kwako ya mbele ikigusa ya nyuma ya mwenzako, ya kwake inakusukuma juu na ya kwako inapanda kwa nguvu zake yenyewe. Ni ngazi ile. Funika tairi, ngazi haipo. Ndo hoja yangu, na wala siyo kwenye gokati tu.

REHEMA: Kote?

KASSIMU: Kote. Fomula 1, IndyCar ile ya Marekani, kote.

REHEMA: Hapana. Hapo sikubali, na siyo ushabiki. Mercedes walifunika 1954, lile gari la W196. Walianza Reims kule Ufaransa, njia imenyooka, wakashika namba moja na mbili. Wakaenda Silverstone, dereva wao Fangio, Fangio bingwa mwenyewe, akawa anagonga mapipa yaliyowekwa kuonyesha kona, kwa sababu haoni tairi zake za mbele ziko wapi. Mbio zilizofuata Nürburgring wakampa gari la tairi wazi, akashinda. Tairi wazi ni macho ya dereva. Unaiona, unaiweka sentimita chache na ukuta. Ukimnyima hayo macho unamwongezea ajali nyingine.

KASSIMU: Hiyo 1954, Rehema. Leo wana kamera, wana skrini.

REHEMA: Kwenye kona ya kilomita 250 nani anaangalia skrini? Alafu magari yaliyofunikwa hayapai? Mbio za Le Mans 1999, Mercedes CLR, gari limefunikwa kila kitu, lilipaa mara tatu wikiendi moja! Mbili akiwemo Webber huyohuyo unayemtaja, ya tatu Dumbreck akaangukia kwenye miti. Webber kapaa na tairi wazi na kapaa na tairi zilizofunikwa, tumuulize yeye.

KASSIMU: CLR lilipaa kwa upepo, hewa iliingia chini ya pua ikalinyanyua. Hakuna aliyemgusa. Usichanganye madawa.

REHEMA: Dereva aliye hewani hajali kapandishwa na nini.

KASSIMU: Anayetengeneza gari anajali! Ndo kazi yake. IndyCar waliweka vifuniko nyuma ya tairi za nyuma kuanzia 2012, wakaja kuvitoa 2018. Kwa nini walivitoa? Walitaka gari lipendeze. Mi hilo ndo linaniuma. Ukiweka hilo pembeni ya helmeti yenye mstari kama huu, mtu anakwambia habari za kupendeza?

REHEMA: Indianapolis 2017 vile vifuniko vilikuwepo. Scott Dixon akapaa juu ya gari la Jay Howard, akaruka mpaka kwenye uzio wa ndani. Vilimsaidia?

KASSIMU: Howard aligonga ukuta akarudi katikati ya njia, Dixon akamkuta kakaa kwa ubavu. Hiyo siyo kugongana kwa nyuma, kifuniko cha nyuma hakihusiki.

REHEMA: Ndo nasema, ajali haichagui upande. Halo inakukinga bila kuuliza kitu kimetoka wapi. Leclerc Spa 2018, gari la Alonso limepita juu yake. Hamilton Monza 2021, tairi ya Verstappen ilikuwa juu ya kichwa chake kabisa. Zhou Silverstone 2022, kaburuzwa kichwa chini akarushwa juu ya tairi za kinga mpaka kwenye uzio. Wote watatu walitoka. Kinga kichwa, acha tairi.

KASSIMU: Na tairi ikichomoka ikaenda kwa mtu asiye na halo? Monza 2000 na Melbourne 2001, wote waliokufa ni watu wa kujitolea pembeni ya njia, mashali, na kamba za kushikilia tairi zilikuwepo tangu 1999. Henry Surtees, Brands Hatch, Julai 2009, miaka 18, kijana hakugusana na mtu, tairi imeng'oka kwenye gari la mwenzake huko imedunda ikaja kumpiga kichwani. Baba yake John ni bingwa wa dunia wa 1964, kapita enzi zile za hatari zote kazimaliza salama, alafu anamzika mwanawe. Hiyo familia nikiifikiria nashindwa kusema acha tairi.

REHEMA: Nami naifikiria. Lakini tairi ya Surtees ingeng'oka hata ikiwa na kifuniko, gari liligonga ukuta. Kamba ndo za kuongeza nguvu, na wameziongeza.

KASSIMU: Indianapolis 2023 tairi ya dereva Kirkwood iling'oka na kamba zikiwepo, ikaruka uzio ikaenda kuangukia gari la mtu lililopaki nje. Haikumpiga mtu kwa sababu hakuna aliyekuwa amesimama pale, basi.

REHEMA: Kwa hiyo kamba zaidi.

KASSIMU: Kwa hiyo kifuniko.

REHEMA: Kassimu, we unataka kumfunikia tairi dogo, sema hivo. Gokati yake ni ya zamani, haina lile bampa pana la plastiki la nyuma linalokuja na gokati mpya. Mnunulie bampa. Hata mi nachangia. Lakini usilipeleke bampa la dogo kwenye Fomula 1.

KASSIMU: Tofauti ni nini? Mwenye miaka 12 anastahili bampa, mwenye miaka 22 hastahili?

REHEMA: Mwenye 22 amechagua.

KASSIMU: Amechagua lini? Wote wanaanza wakiwa watoto. Akifika 22 maisha yake yote ni hayo, ameacha mengine yote nyuma, huko ni kuchagua?

REHEMA: Ndiyo, ni kuchagua. Lauda alirudi Monza wiki sita baada ya kuungua akamaliza wa nne, alafu mwaka uleule Fuji mvua imezidi akaegesha gari akasema mi basi, na ubingwa ukamponyoka. Yote mawili kachagua mwenyewe. Mi siwezi kumnyang'anya mtu hiyo haki.

KASSIMU: Mi simnyang'anyi haki, namfunika tairi.

REHEMA: Hatutoki hapa.

KASSIMU: Hatutoki. Na usitegemee nitabadilika wiki ijayo.

REHEMA: Wala mimi. Dakika ngapi zimebaki?

KASSIMU: Naonyeshwa mkono hapa, tatu. Mambo manne kwa dakika tatu, Rehema, na sijasoma hata moja.

REHEMA: Soma lile unaloliona la lazima, mengine yaache.

KASSIMU: Basi naruka mpaka la tatu. Mzazi, siku ya mbio usikae unaangalia mtoto peke yake, zunguka ukaone magari mabovu yanaondolewaje. Kuna trekta inaingia njiani wakati wengine bado wanakimbia? Jules Bianchi, dereva wa Fomula 1, Suzuka, Oktoba 2014, mvua, aliigonga trekta iliyokuwa inaondoa gari la mwenzake. Akafa Julai 2015. Fomula 1 wakaleta utaratibu wa kupunguza kasi gari zote kwa pamoja. Alafu 2022, Suzuka ileile, mvua ileile, Gasly akapita pembeni ya trekta. Ukiona hivo kwenye mbio za mtoto wako, mtoe siku hiyohiyo, usingoje kuambiwa.

REHEMA: Hilo naunga mkono asilimia mia, na liandikwe. Ila si ndo kumchagulia huko?

KASSIMU: Ana miaka 12, Rehema!

REHEMA: Haya, haya. Wasikilizaji, walioleta maswali ya mvua tumeyaona, ya uzio wa viwanja vya mbio vya Las Vegas na Pocono pia tumeyaona, hayo ni ya kipindi kizima, siyo ya dakika moja.

KASSIMU: Na mambo yangu matatu yaliyobaki?

REHEMA: Muda umekwisha bana, zima maiki.