Geuza Jani Kwanza

(Mhadhara kwa wakulima wa mboga, Mingoyo, Lindi)

Shikamooni wazee wangu, habari zenu ndugu zangu. Hasara ya viwavi wanaotula chainizi na kabichi mnaijua, siirudii. Jani hili la chainizi nimelichuma asubuhi kwenye tuta la pale bondeni. Lielekezeni juani. Mnaona vidirisha? Nyama imeliwa, kimebaki kigozi cha juu. Sasa geuzeni. Huyo kiwavi wa kijani, mwembamba ncha zote mbili, mguseni kwa ujiti. Anajipinda, anarudi kinyumenyume, anajiachia na kuning'inia kwa uzi. Mama yake ni nondo, yaani kipepeo wa usiku, wa kijivu, asiyefika sentimita 1, mwenye michoro ya almasi mgongoni.

Kiangazi kilichopita kijana mmoja alinijia, chainizi zake zimekuwa chekeche. Amepuliza mara tatu ndani ya siku kumi, dawa ile ile, kila mara anaongeza kizibo. "Mwalimu, nimeuziwa feki." Nikaenda naye. Dawa imekaukia juu ya majani, viwavi wako chini wanakula. Tukafika tuta la mwisho, ambako dawa ilimwishia kwenye bomba. Huko tukakuta vifuko vyeupe, vidogo kuliko punje ya mchele. Ni vya nyigu mdogo anayetaga ndani ya kiwavi. Mtoto wake humla kiwavi akiwa hai. Matuta mengine yote hatukuona hata kimoja. Amemuua mlinzi, mwizi yuko palepale!

Na mwizi huyu anazoea sumu. Kule Java, Indonesia, sumu ya DDT ilishaonekana kushindwa kumuua tangu 1953. Jike moja hutaga mayai zaidi ya 100, na kwa joto letu hili kizazi kipya hutoka kwa wiki mbili tatu. Wachache wanaopona dawa yako ndio wanaozaa wa kesho. Ukirudia dawa hiyo hiyo unawachagulia mbegu.

Mtaniambia, mbona salfa inatusaidia kwenye mikorosho? Jamani, salfa ni ya ubwiri unga, na ubwiri unga ni ukungu. Kiwavi si ukungu! Na hizo sumu za mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi ya mkorosho, mnazomwagia mboga inayochumwa keshokutwa kwenda sokoni, watoto wetu ndio wanaozila. Hili linaniuma, na nitalisema kila nikialikwa.

Sisemi msipulize. Geuza jani, hesabu viwavi, ndipo uamue. Ukibadili dawa, badili kilichomo, maana chupa mbili za majina tofauti huweza kubeba sumu moja. Mwarobaini umejaa pwani yote hii: twanga mbegu, loweka usiku kucha, chuja, puliza jioni chini ya majani, kwa sababu jua huimaliza nguvu upesi.

Mashina ya kabichi mliyokwisha kuvuna, ng'oeni mfukie, maana viwavi hubaki humo. Kitalu kikae mbali nayo. La kupokezana mazao nilitaka kulieleza, muda umekwisha. Mbegu za mwarobaini ziko kwenye kiroba pale mlangoni, kila mtu achukue kopo moja, na kinu kipo.