Namna ya Kukokotoa kwa Bikari ya Galileo, Kazi ya Mkono wa Fundi Mazzoleni

Karibuni, watazamaji. Chombo hiki cha shaba ya manjano mnachokiona mezani ni nakala ya bikari ya kijiometri na ya kijeshi, yaani chombo cha kukokotolea chenye mikono miwili iliyoungana kwenye ncha moja, ambayo Galileo Galilei aliibuni mjini Padua, Italia, mnamo mwaka 1597. Kwa kuwa si rahisi kuipata ya shaba, nitawaelekeza kwanza kutengeneza ya karatasi ngumu ya manila, kisha tutafanya nayo hesabu mbili.

Hatua ya kwanza, kata vipande viwili vya manila, kila kimoja kiwe na urefu wa sentimita 27 na upana wa sentimita 3. Katikati ya kila kipande piga mstari mnyoofu, weka nukta ya sifuri sentimita moja kutoka kwenye ncha, kisha ugawe mstari huo milimita kwa milimita hadi 250, kwa kuwa mistari ya hesabu kwenye bikari ya Galileo nayo ina sehemu 250. Tafadhali usiharakishe hapa. Alama moja ikikaa mahali pasipo pake, kila jibu litakalopitia hapo litakuwa na kosa, na katika shaba kosa la namna hiyo halifutiki.

Ndiyo maana ninamtaja fundi kabla ya kuendelea. Mwaka 1599 Galileo alimwajiri Marc'Antonio Mazzoleni, ambaye alihamia nyumbani kwake pamoja na familia yake ili atengeneze vyombo hivi. Sisi tumepiga alama zinazolingana tu. Mazzoleni alichonga pia mistari ya maeneo na ya ujazo, ambayo nafasi zake huzidi kubanana kadiri zinavyokwenda mbali na egemeo, yaani pale mikono miwili inapoungana, na kila moja ilidai kipimo chake. Kwa maoni yangu, sifa ya chombo hiki ni ya watu wawili.

Hatua ya pili, toboa nukta zote mbili za sifuri, weka kipande kimoja juu ya kingine, kisha pachika pini ili mikono ifunguke na kufungika bila kulegea.

Hatua ya tatu ni kugawanya mstari. Chora mstari wa sentimita 13 unaotaka kuugawa sehemu tano sawa. Pima urefu wake kwa bikari ya kawaida ya shuleni, kisha fungua mikono ya manila mpaka ncha za bikari ziguse 100 kwenye mkono mmoja na 100 kwenye mwingine. Bila kuisogeza mikono, pima umbali kutoka 20 hadi 20: hiyo ndiyo sehemu moja ya tano, yaani milimita 26. Siri yake ni pembetatu mbili zenye umbo moja, ambazo pande zake hukua kwa uwiano uleule.

Maelekezo ya aina hii Galileo aliyachapisha mwaka 1606, nakala 60 tu, tena bila mchoro wa chombo, ili asiyekuwa nacho asiweze kukinakili. Hata hivyo, mwaka uliofuata Baldassarre Capra alitoa kitabu cha Kilatini akijidai kuwa ubunifu huo ni wake. Galileo akamshtaki, akashinda, na kitabu kile kikapigwa marufuku.

Hatua ya nne ni hesabu ya uwiano, ambayo wafanyabiashara waliihitaji kila siku. Tuseme dhiraa 60 za kitambaa zinauzwa lira 42. Je, dhiraa 100 ni kiasi gani? Pima 42 kwa kufuata mkono mmoja, kuanzia kwenye egemeo. Fungua mikono mpaka urefu huo utoshe kati ya 60 na 60. Sasa pima kati ya 100 na 100, kisha urudishe kipimo hicho kwenye mkono, kuanzia kwenye egemeo. Utasoma 70, yaani lira 70.

Usifunge mikono bado. Pima kati ya 150 na 150 upate 105, kisha kati ya 200 na 200 upate 140, kwani mikono ikiisha kufunguliwa hivyo mara moja, bei zote za kitambaa kile zimo ndani yake, mradi pini isilegee.