Mwenzako Akinyolewa, Maji Unayotia Ni ya Nini?

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi vijana wa uhasibu mliofika hapa Mbeya kutoka Mbozi, Rungwe, Makete na Mafinga,

Walionisikia mwaka jana wanajua nitakapoanzia, nao nawaomba wavumilie, kwa kuwa ugonjwa wenyewe haujapona. Kila mkubwa anapoanguka hadharani tunaikimbilia methali ya mwenzako akinyolewa, kisha tunatia maji. Nauliza: maji hayo ni ya nini? Katika miaka yangu ya kukagua vitabu vya vyama vya msingi vya ushirika nimeona kwamba mhasibu wa chama jirani anapokamatwa na stakabadhi bandia, wenzake hawaziachi stakabadhi bandia, bali humtafuta mchapaji hodari zaidi. Wamejifunza kuogopa kukamatwa, na kuiba wamekuacha palepale kulipokuwa.

Mtazameni Richard Nixon, aliyekuwa rais wa Marekani, ambaye nimemzungumzia mara nyingi kiasi kwamba mke wangu humwita shemeji yake. Usiku wa 17 Juni 1972 watu watano walikamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic katika jengo la Watergate, mjini Washington. Haijathibitishwa kamwe kwamba rais mwenyewe ndiye aliyewaagiza kuingia mle. Lakini siku 6 baadaye, tarehe 23, aliketi ofisini mwake akakubali kwamba shirika la ujasusi, CIA, litumike kuwazuia wapelelezi wa FBI wasiendelee na uchunguzi. Novemba mwaka huohuo alichaguliwa tena kwa kushinda majimbo 49 kati ya 50. Mtu wa majimbo 49 alikuwa akiogopa nini? Kanda ya mazungumzo yale ilitolewa hadharani tarehe 5 Agosti 1974, na tarehe 9 akaachia madaraka. Wapo wanasiasa waliojifunza kutokana na hayo kwamba si vema kuweka kinasa sauti ofisini. Mimi nataka mzitazame zile siku 6, ambapo kosa lilikuwa bado la wengine, na yeye akalichukua kwa hiari yake akalifanya lake.

Najua wapo wanaonong'ona kwamba mzee anatupeleka Marekani ilhali Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura, iko hapa nyumbani, na tena aliyeiongoza kamati teule ya Bunge iliyoichunguza, Dkt. Harrison Mwakyembe, alikuwa mbunge wa Kyela, mkoani humu humu. Nimekwisha kujaribu. Nikiitaja Richmond, nusu ya ukumbi huanza kubishana nani alionewa na nani alifaidika, na baada ya dakika kumi hakuna hata mmoja anayejitazama. Nixon hana mpwa wake humu ndani.

Haya, tuje Mbozi. Nikiwa karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi, siku moja kahawa iliyokuwa ghalani ilipungua kilo 14 kuliko nilizoandika kupokea. Sikuwa nimeiba hata punje. Pengine nilisoma mizani vibaya. Ningemwambia katibu, angefoka, tungepima magunia upya, na jambo lingekwisha kabla ya chakula cha mchana. Badala yake niliandika neno moja, "unyaukaji", kwa kuwa kahawa ikikaa hupungua uzito na hakuna anayeuliza. Msimu uliofuata zilipungua kilo 40, nami sikujisumbua hata kutafuta sababu, maana neno nilikuwa nalo tayari. Kumbe mtu aliyekuwa akiingia ghalani usiku alikuwa ametambua kabla yangu kwamba karani ana neno. Mlango wa ghala alifungua yeye. Kitabu nilimfungulia mimi.

Mniruhusu nipite haraka kwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, ambaye katika miaka ya 1970, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya watuhumiwa waliofia mikononi mwa vyombo vilivyokuwa chini ya wizara yake, ingawa yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Mtaniambia kwamba mwaka 1985 alikuwa Rais, kwa hiyo uadilifu unalipa. Msiniambie hivyo, tafadhali. Siku anaandika barua ile hakuwa na ahadi yoyote mfukoni.

Nilikusudia kuzungumza kwa kirefu juu ya lumbesa, lakini mwenyekiti ametazama saa mara tatu. Niseme tu kwamba nimewaona Njombe wanunuzi wakishindilia gunia la viazi mpaka likaota kichwa juu ya kilo 100 zinazoruhusiwa, huku redio ikisoma habari za ubadhirifu Dar es Salaam, nao wakitikisa vichwa kwa masikitiko ya kweli kabisa.

Kabla ya maswali, kila mmoja afungue daftari aandike "unyaukaji" wake, lile neno analoliandika hesabu inapokataa. Sitapita kusoma. Haya, kijana wa nyuma uliyecheka nilipotaja mizani, anza wewe.