Sikukuu Wakati Kesho Haijulikani

Mabibi na mabwana, sikukuu ikikukuta kazi inayumba, mgonjwa yuko ndani au taarifa za habari zinatia hofu, unavutwa pande mbili. Upande mmoja unasema tusherehekee kana kwamba hakuna kitu. Mwingine unasema tuache kabisa mpaka mambo yatengemae. Wa kwanza unawachosha watu kwa kuigiza, na wa pili unaikabidhi furaha kwa siku ambayo hakuna aijuaye. Leo nataka tuzungumzie njia ya katikati: kuipunguza sikukuu mpaka itoshe mikononi mwetu, kisha kuitunza sana hiyo iliyobaki.

Tuanze na tumaini lenyewe. Mwanasaikolojia C. R. Snyder wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alieleza katika miaka ya 1990 kwamba tumaini lina sehemu tatu: lengo, njia za kulifikia, na msukumo wa ndani wa kuzifuata. Sasa tazama tunavyokosea. “Mwaka huu tuwe na sikukuu njema” si lengo, kwa sababu hakuna atakayejua limetimia saa ngapi. “Wote waliopo nyumbani wale pamoja saa moja jioni, simu zikiwa chumba kingine, kwa dakika 40” ni lengo. Njia nazo ziwe mbili tangu mwanzo. Andika hivi: “Nauli isipopatikana hadi siku tatu kabla, basi tutapigiana simu saa nne asubuhi, na mtoto mdogo ndiye atakayeanza kuzungumza.” Muundo huo wa “ikitokea hivi, basi nitafanya vile” ulichunguzwa sana na mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, na nguvu yake ni kwamba uamuzi unakuwa umeshafanyika kabla moyo haujavunjika.

Wasiwasi haufukuziki kwa kuambiwa “usiwaze”. Upe saa yake. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake walichapisha jaribio la utaratibu huu: dakika 30 za kuwaza kila siku, saa ileile, mahali palepale. Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika linalokusumbua, kwa maneno yasiyozidi kumi. Kulia andika hatua unayoweza kuichukua ndani ya saa 24. Pasipo na hatua, weka nukta, shuka mstari unaofuata. Dakika zikiisha, kunja karatasi hata kama hujamaliza. Wazo likikujia mchana katikati ya maongezi, usipigane nalo. Andika neno moja tu la kulikumbuka, liahirishe mpaka saa yake. Wengi huharibu kwa kupanga zoezi hili karibu na kulala, wakaingia kitandani roho ikiwa juu juu. Saa kumi na moja jioni inafaa zaidi. Na jambo la dharura halisubiri karatasi: mgonjwa akizidiwa, ondoka mara moja.

Kuhusu fedha nitasema machache. Weka kikomo kabla ya kununua chochote, na watoto waambiwe mapema, kwa sentensi moja isiyo na uongo. Mtoto huona nyuso za wakubwa. Akifichwa, hubuni sababu mbaya kuliko iliyopo. Ila msifute kutoa. Watafiti Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walichapisha utafiti mwaka 2008 ambamo watu walipewa dola 5 au 20 za kutumia siku hiyohiyo. Waliozitumia kwa ajili ya wengine walimaliza siku na furaha zaidi kuliko waliozitumia kwa ajili yao wenyewe, na kiasi hakikuleta tofauti.

Palipo na msiba, tafadhali twende polepole. Aliyefiwa asilazimishwe kucheka. Mpe kiti cha karibu na mlango, na mkubaliane ishara, kwa mfano kugeuza kikombe, ili akitoka asiulizwe wala asifuatwe na watu watatu. Kabla ya kula, mmoja ataje jina la marehemu na jambo moja alilolipenda, dakika mbili zatosha. Jina lisipotajwa, kila mtu hulikwepa usiku kucha, na ukimya huo ndio unaochoma.

Mkiona mtu ana huzuni karibu kila siku kwa wiki mbili, hapati usingizi, hana hamu ya chochote, apelekwe kwa mhudumu wa afya. Akisema afadhali afe, asiachwe peke yake, na msaada utafutwe saa hiyohiyo.

Lipo jambo husahauliwa sana: siku inayofuata sikukuu. Wageni wameondoka, shida zimerudi mlangoni, na mwili umechoka. Ipangieni kitu kidogo kabla sherehe haijaanza, mkiandike kwenye karatasi ileile ya mpango: saa tatu asubuhi, wawili watembee dakika 20, nani na nani.