Kuku watatu kwa watatu

Walionisikia mwaka jana wanivumilie, maana narudia lilelile. Wiki hii tena imetua mezani kwangu tasnifu yenye kuku watatu waliochanjwa kideri na watatu wasiochanjwa, na mwenyewe analalamika kwamba Mann-Whitney, lile jaribio la takwimu linalolinganisha makundi mawili kwa nafasi za vipimo vyao, "imegoma", yaani haikumpa tofauti ya kuaminika.

Haikugoma. Tuhesabu pamoja. Wapange kuku wako sita kwa kingamwili, wa chini hadi wa juu. Kama chanjo haifanyi lolote, waliochanjwa wangeweza kuangukia nafasi zozote tatu kati ya hizo sita. Njia ni ngapi? Ni 20. Matokeo matamu kuliko yote ni waliochanjwa kukaa juu wote watatu: njia moja. Ongeza na kinyume chake, maana jaribio ni la pande mbili: njia 2 kati ya 20. Yaani 0.10: hiyo ndiyo p, uwezekano wa bahati tupu kuleta tofauti kubwa hivi. Chanjo imeshinda kila kuku, na bado hujagusa 0.05, kizingiti tulichozoea! Kijana kalea vifaranga wiki sita, kawatoa damu kwenye mshipa wa bawa, kumbe "hapana" yake iliandikwa siku alipojaza 3 kwenye andiko la utafiti. Ongeza mmoja mmoja kila upande, njia zinakuwa 70, na 2 kwa 70 ni chini ya 0.03. Kuku wawili tu, jamani!

Najua kuna atakayesema: "Mwalimu, jaribio la t, lile la kulinganisha wastani, lilinipa 0.01." Lilikukopesha. Linachukulia kwamba vipimo vimejipanga kwa umbo la kengele, na kuku watatu hawana umbo la kukuonyesha, si kengele si sufuria. Tena umeingiza 8, 16, 128 kama zilivyo, wakati vipimo hivyo vya kingamwili hupanda kwa kuzidisha mara mbili. Geuza kwanza kuwa logi ya 2: 3, 4, 7. Ukiwa na data za zamani zinazounga mkono kengele hiyo, tumia t, sikukatazi. Ila usiwapime umbo hao watatu ukaniambia "wamefaulu". Mtihani huo, kwa wachache hivyo, karibu kila mtu hufaulu.

Vifo ni habari nyingine. Mkihesabu waliokufa baada ya kupewa virusi, tumieni jaribio la Fisher, linalohesabu njia zote kama tulivyofanya, achaneni na kai-mraba, ambalo ni makadirio yanayotaka idadi kubwa. Watano kwa watano: wakifa 4 wasiochanjwa na 0 waliochanjwa, mnapata 0.048. Akifa mmoja tu wa upande wa chanjo, inaruka hadi 0.21.

Makundi manne yana jozi sita za kulinganisha, na kila jozi ni nafasi nyingine ya kudanganywa na bahati... saa inanikimbia. Semeni mapema ni jozi zipi mnazitaka, basi.

Na lile la banda. I-2, chanjo yenu ya kideri, ni chanjo hai, huenea kwa wenzao kupitia kinyesi, ndiyo maana mmewatenga: waliochanjwa huku, wengine kule. Vizuri. Lakini hapo hata wakiwa kuku 40, mmelinganisha banda moja na banda moja, na hakuna jaribio litakalowatofautishia chanjo na banda.

Maswali? Wewe wa kuku watatu, subiri, tutaonana ofisini.