Radikali Ndani ya Kimeng'enya, na Kapsuli Inayoizima

Hamjambo wenzangu wa maabara na wa kliniki. Hapa Kisumu watoto wenye selimundu, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu kujikunja kama mundu, ni wengi, na kapsuli ya dawa yake, haidroksiurea, ya miligramu 500 si ngeni kwenu. Leo tuone inapogonga.

Seli haigawanyiki bila malighafi ya DNA. Malighafi hiyo hutengenezwa na kimeng'enya kiitwacho ribonukleotidi ridaktesi, ambacho huondoa oksijeni kwenye kaboni ya pili ya sukari. Kifungo cha oksijeni hiyo na kaboni ni kigumu kuvunja, kwa hiyo inatumika radikali: kemikali yenye elektroni isiyo na mwenzake, inayonyakua haidrojeni ovyo.

Protini ni mnyororo wa asidi amino, kama tairosini na sisteini, na namba huonyesha nafasi ya kila moja. Nitatumia namba za kimeng'enya cha bakteria E. coli, maana ndicho kilichochunguzwa zaidi. Radikali hukaa kwenye tairosini 122, imezikwa takriban nanomita moja ndani ya protini, jirani na atomu mbili za chuma. Radikali kama hiyo ikiwa huru majini haimalizi sekunde. Humo ndani hudumu siku kadhaa kwenye friji. Kazi yenyewe hufanyika kwenye sisteini 439, zaidi ya nanomita 3 kutoka hapo, tena kwenye kipande kingine cha protini. Radikali haiondoki mpaka molekuli inayobadilishwa ikae mahali pake. Ndipo asidi amino za njiani hupokezana kijiti hadi kwenye sisteini.

Hapa tusiende mbio. Sisteini 439 huchukua haidrojeni ya kaboni ya tatu, si ya pili. Hidroksili (oksijeni na haidrojeni yake) ya kaboni ya pili hulegea, ikatoka kama maji. Sisteini 225 na 462 hutoa haidrojeni na elektroni, kisha zenyewe hushikana. Halafu 439 hurudisha haidrojeni ileile kwenye kaboni ya tatu, na radikali hurudi kwa tairosini 122.

Badilisheni sisteini 225 iwe serini, yaani salfa moja tu iwe oksijeni. Sukari inavunjika, besi (ile "herufi" ya DNA iliyoshikwa na sukari) inadondoka, radikali inapotea, na mnyororo wa protini yenyewe unakatika vipande viwili. Usalama wote ulikuwa kwenye mpangilio.

Haidroksiurea ni molekuli ndogo inayompa tairosini elektroni aliyoikosa. Protini inabaki nzima lakini haifanyi kazi, mpaka chuma, oksijeni na elektroni viunde radikali upya. Uboho ukibanwa hivyo, hemoglobini F, ile ya mtoto tumboni, huongezeka na kuzuia chembe kujikunja kama mundu. Lakini neutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu, nazo hutoka uboho uohuo.

Ndiyo maana hesabu ya kipimo ina uzito. Mtoto wa kilo 15, kwa miligramu 20 kwa kilo, anahitaji 300 kwa siku. Mzazi akiambiwa "mpe kapsuli moja kila siku", ni zaidi ya 33 kwa kilo tangu siku ya kwanza. Neutrofili zikishuka chini ya 1,000 kwa maikrolita, simamisheni dawa, mpime damu tena baada ya wiki. Zikipanda, anzeni upya kwa kipimo kidogo zaidi.