Pesa ya Korosho Imeingia: Jina la Nani?

ZAI: Karibuni barazani, ni sisi wale wale, kutoka Mtwara mjini. Sele, leo nimekuja na jambo.

SELE: Nimekuona tangu mlangoni. Haya da Zai, sema.

ZAI: Wiki hii niliitwa Tandahimba kwenye kikao cha ukoo. Binti wa mama yangu mdogo kapigwa na mumewe mpaka mkono umeteguka. Mikeka imetandikwa uani, mjomba mkubwa kakaa katikati. Binti kajitanda kanga, mkono kaufunga kwa kipande cha kitenge kikuukuu, na kila akitaka kusema anautazama ule mkono kwanza. Mume kaomba radhi, katozwa mbuzi, wali ukaliwa, watu wakatawanyika. Hakuna aliyeuliza ugomvi ulianzia wapi.

SELE: Ulianzia wapi?

ZAI: Malipo ya mnada yaliingia. Mke kauliza, "Zimeingia ngapi?" Basi.

SELE: Alaa.

ZAI: Nani alipalilia? Nani aliinama chini ya mikorosho akaokota, akatenganisha korosho na bibo, akaanika? Mume alipuliza salfa, simnyimi jasho lake. Lakini kwenye daftari la chama cha msingi cha ushirika kuna jina la nani?

SELE: La mume.

ZAI: Akaunti ya benki?

SELE: La mume. Ila da Zai, leo tulipanga kuzungumzia MTAKUWWA, na karatasi ninayo hapa.

ZAI: Isome.

SELE: Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, 2017/18 hadi 2021/22. Lengo lilikuwa kupunguza ukatili kwa asilimia 50 ifikapo 2022. Ulikuwa na maeneo manane. La kwanza... kuimarisha uchumi wa kaya.

ZAI: Jina la nani, Sele!

SELE: (anacheka) Nilijua tu.

ZAI: Walioandika waliona mbali. Hawakuanza na pingu, walianza na mfuko. Huku kwetu msimu wa minada ndio nyumba zinapowaka. Tangu Oktoba, mume anashinda mjini, uraka, ile pombe ya mabibo, unanyweka, na mke kuuliza bei ya kilo inakuwa utovu wa adabu.

SELE: Sawa, lakini sisi Wamakonde ardhi inafuata upande wa mama. Mwanamke wa huku hajaolewa hewani, ana kwao.

ZAI: Ardhi, ndiyo. Mkorosho je? Mkorosho ni wa aliyeupanda. Baba kapanda, kamwachia mwanawe wa kiume. Shamba la mama, miti ya baba, pesa...

SELE: Jina la nani.

ZAI: Umeona! Na Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mali ikiandikwa jina la mwanandoa mmoja, inachukuliwa kuwa ni yake mpaka utolewe ushahidi wa kinyume. Mzigo wa kuthibitisha unamwangukia nani? Yule wa kitenge mkononi.

SELE: Ila kuna kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa.

ZAI: Mpaka waachane ndipo apate mgawo! Mimi nataka ajue zimeingia ngapi leo, akiwa bado ndani ya ndoa yake.

SELE: Hapo nakuunga mkono. Ila kile kikao usikidharau. Mjomba ndiye anayeweza kuingia nyumba ile usiku akasema, mwanetu tunamchukua. Polisi wakimchukua mume, wiki ya pili mke mwenyewe anakwenda kufuta kesi, maana watoto hawajala.

ZAI: Kikao kimemfunika mume kwa mbuzi. Kifungu cha 66 cha sheria hiyo hiyo kinasema wazi, hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi. Binti angepewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, akatibiwa, ushahidi ukabaki kwenye maandishi. Mjomba kaandika nini?

SELE: Mjomba haandiki, lakini anarudi kuangalia. Askari anarudi?

ZAI: Mjomba aliyekula wali wa faini?

SELE: Da Zai, mama yangu alinusurika kwa kikao. Nilikuwa mdogo, niliona kaka zake walivyokuja. Siwezi kukaa hapa niseme vikao havifai.

ZAI: Nami siwezi kukaa niseme vinafaa huku ule mkono umevimba. Kosa la jinai halimalizwi kwa pilau.

SELE: Ulisema wali.

ZAI: Hata ungekuwa ubwabwa! Kikao kiwepo, lakini kisimzuie mtu kwenda Dawati.

SELE: Mimi nasema Dawati lisimpite mjomba.

ZAI: Tutakesha hapa.

SELE: Mwenye chumba ananionyesha saa. Nilitaka tueleze kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji inavyoundwa, afisa ustawi wa jamii anaingia wapi, na vituo vya mkono kwa mkono, vile vyenye huduma zote mahali pamoja...

ZAI: Hatuna muda. Sema 116.

SELE: Ukiona mtoto anatendewa ukatili, piga 116, haikatwi salio. Da Zai, yule binti sasa?

ZAI: Kesho namfuata. Tunaanzia kituoni kuchukua PF3, halafu hospitali, halafu benki, afungue akaunti yake.

SELE: Mjomba kaambiwa?

ZAI: Hajaambiwa.

SELE: Mpigie kwanza.

ZAI: Simpigii. Zima mashine, wenzetu wanasubiri chumba.